Kadi Iliyolala Kabatini

Kila asubuhi Tsvetina alichomoa magazeti aliyoyashindilia viatuni ili yanyonye maji, akavivaa viatu vikiwa bado vibichi, akaenda shule akikohoa. Ukungu wa mto Danubi ulikuwa mzito mwaka ule. Watu wa Lom, mji wao wa Bulgaria, walisema ukitundika koti hewani, halianguki.

Buti mpya zilikuwepo, ila zilikuwa bado kadi. Mama yake, aliyekuwa kibarua wa kuchuma matunda Uhispania, alimtumia mwezi wa Oktoba kadi ya zawadi ya duka la viatu, iliyolipiwa tayari, ya kuchukulia buti. Bibi Zlatka, aliyekuwa akimlea, akaipokea kwa mikono miwili, akaisimamisha kwenye kabati la vioo, kando ya vikombe vya harusi yake ambavyo kwa miaka arobaini na sita havikuwahi kuonja kahawa. Kabati lile, hata vumbi liliingia kwa kubisha hodi.

"Bibi, miguu inaloa."

"Kitu kizuri hutunzwa, mjukuu wangu. Ngoja baridi ikolee."

Mama alipopiga simu kuuliza kama buti zinamtosha, Tsvetina hakutaka Bibi agombezwe. "Zinanitosha kabisa, Mama. Zina manyoya ndani!" Uongo wa kwanza aliutamka kwa shida. Wa tatu ulitoka wenyewe.

Januari kifua kikambana, akalala siku tano. Alipoinuka, Bibi akafungua kabati, wakaenda dukani. Muuzaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi Penka, akaigeuza kadi.

"Muda wake ulikwisha mwezi uliopita, Bibi Zlatka. Imeandikwa hapa nyuma."

"Nyuma? Mimi niliitazama mbele, kwenye utepe uliochorwa!"

"Hii si achari ya mtungi, eti ikikaa ndiyo inakolea!" Kisha akamwona mtoto anavyokohoa, akashusha sauti. "Aliyeinunua anaweza kuwaandikia wenye duka, aombe waiongeze muda. Ni nani?"

Tsvetina akahisi baridi kali kuliko ile ya viatuni. Ili Mama aandike, ilibidi ajue kwamba buti hazipo.

Alipiga simu palepale, mlangoni mwa duka. "Mama, sina buti. Sikuwahi kuwa nazo."

Upepo ulisikika simuni ukipigapiga mahema ya plastiki ya shambani.

"Na yale manyoya ya ndani?"

"Niliyatunga."

"Mimi nainama hapa kutwa, mgongo unawaka," Mama alisema polepole, "najiambia, angalau miguu ya mwanangu ina joto."

Mama aliandika siku ileile. Baada ya wiki jibu likaja: kadi imeongezwa muda hadi Jumamosi. Walirudi dukani, wakakuta buti za manyoya zimekwisha. Zilibaki nyeusi za wavulana, kubwa kidogo, nzito kama matofali. Akazichukua, akazivaa na soksi mbili.

Walipofika nyumbani, Bibi alitoa vikombe vya harusi, akamimina chai. Kimoja kikapasuka kwa ule moto. Akaviokota vipande kimoja kimoja.

"Mimi nilificha kadi, wewe ukaficha ukweli," alisema. "Tumevilaza vyote mpaka vikatuozea. Ukipewa kadi, soma nyuma yake, uitumie ingali hai. Na miguu ikiloa, mwambie mama yako imeloa, hata kama mwenye kosa ni mimi."

Akamsogezea kikombe kizima. "Kunywa, kabla haijapoa."