Barua ya Rufaa Niliyoichoma kwa Ajili ya Posa

Nina umri wa miaka sabini na mbili. Naishi Bukene, ambako kwa miaka mingi nilikuwa karani wa ghala la mpunga. Nilisoma mpaka kidato cha nne Tabora mjini, kwa hiyo msomaji usinitafutie kisingizio cha ujinga. Nilichokifanya nilikifanya macho yakiwa wazi.

Ndugu zangu wamenikataza kuandika haya. Wanasema mzee hajivui nguo mbele za watu. Nimewajibu kwamba nguo nilishazivua siku nilipomdanganya mwanangu. Leo naonyesha tu mahali nilipozitupa.

Mwanangu anaitwa Kalunde. Ndiye kitinda mimba wangu, na mama yake alifariki akiwa bado mdogo. Nimemlea mimi. Alipokuwa na miaka tisa aliugua koo mara kwa mara, kisha viungo vikaanza kumvimba, leo goti hili, kesho kiwiko kile. Nilimkanda kwa maji ya moto nikasema mifupa inarefuka. Akapona… au mimi nilidhani amepona.

Alipofika miaka ishirini, nilimwona akitwanga kidogo, kisha anauegemea mchi. Akitoka kisimani na ndoo alitua njiani mara mbili. Usiku alipanga mito miwili, baadaye mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Mawifi zake walimwita mvivu. Mimi nilicheka pamoja nao.

Kalunde hakukubali jina hilo. Alianza kutafuta majibu mwenyewe. Alikuwa na simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, na jioni alikaa kizingitini akisoma. Siku moja aliniambia kuwa amekuta wasichana wengine wanaoeleza mambo hayohayo: moyo kwenda mbio bila sababu, kuchoka, kizunguzungu. Wengi waliambiwa ni mawazo, kumbe baadhi yao moyo wenyewe ulikuwa mgonjwa.

“Simu hiyo ndiyo inayokuumiza,” nikamwambia. “Wewe wa miaka ishirini moyo ukusumbue, mimi wa sitini na tisa nisemeje?”

“Baba, wewe unapanda ngazi ya ghala na gunia begani. Mimi nikifagia uwanja tu nakaa chini. Sasa mzee hapa ni nani?”

Kesho yake alikwenda kituo cha afya peke yake. Tabibu alimsikiliza kifuani muda mrefu, kisha akamwandikia barua ya rufaa, aende hospitali kubwa mjini Tabora akapigwe picha ya moyo. Akaniletea barua ile kwa mikono miwili, kwa heshima, ili nimwandalie safari.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni kosa la watu wa kwetu.

Wiki ileile washenga kutoka Choma, upande wa Igunga, walikuwa wameshabisha hodi kwa ajili ya kijana wao Masanja. Na kwetu, kabla posa haijakubaliwa, upande wa mwanaume hutuma mtu kimyakimya kupeleleza ukoo. Wana kifafa hawa? Wana kifua? Kuna mtu aliyekufa ghafla? Bukene ni mji wa stesheni. Mtu akisafiri kwenda hospitali, kabla hajafika Tabora watu wameshajua anaumwa nini. Niliogopa mpelelezi. Nilitaka binti yangu aolewe kwenye boma kubwa, nami niitwe mkwe wa wafugaji wa Choma.

Niliisoma barua ile mara mbili. Nikaielewa. Kisha nikaitia motoni, chini ya sufuria ya maharage.

Kalunde alipouliza, nilimwambia nimeongea na daktari ninayemfahamu mjini, naye amesema ni upungufu wa damu tu, ale matembele. Aliuliza mara ya pili. Aliuliza mara ya tatu, siku moja kabla ya wageni kuja. Nikamkemea kwamba anataka kuniaibisha. Hakuuliza tena.

Je, mtoto asingeniamini mimi, angemwamini nani?

Walioana. Siku ya harusi alicheza wimbo mmoja akaketi, nami nikawatania wageni kuwa bibi harusi ana haya. Watu walicheka sana. Bado nakisikia kicheko kile…

Miezi michache baadaye akapata mimba. Masanja alinipigia simu kwamba miguu ya mkewe imevimba na analala ameketi. Nikamjibu kuwa ndivyo wanawake walivyo. Mimba ilipofika mwezi wa saba, alikohoa povu lenye damu. Wakamkimbiza Nzega, na kutoka Nzega akapelekwa Tabora. Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kiume.

Kalunde aliponea chupuchupu. Daktari alinieleza kwamba homa ile ya utotoni, ya koo na viungo, ilikuwa imekula mlango mmoja wa moyo wake, ukasinyaa. Mimba ikauongezea moyo mzigo ambao haukuweza kuubeba. Akamuuliza mwanangu kama hakuna aliyewahi kumwandikia rufaa.

“Niliandikiwa,” Kalunde akasema. “Baba ndiye aliyeishughulikia.”

Kisha akanitazama. Nikamwambia yote, daktari akiwa palepale, nesi akiwa palepale. Kalunde hakulia. Alisema tu, “Nilikuuliza mara tatu, Baba,” akageukia ukutani.

Ungedhani maneno hayo yangetosha kuninyoosha. Lakini jaribu kubwa lilikuwa bado.

Wazee wa Choma waliitisha kikao. Walitaka kujua binti waliyemwoa ana nini. Njiani kwenda huko, mdogo wangu Maganga, aliyekuwa msemaji wa ukoo, aliniinamia ndani ya basi.

“Kaka, wewe nyamaza, niachie mimi. Tutasema amerogwa huko kwa mumewe. Yule bibi yake Masanja macho mekundu kama pilipili, nani atabisha kuwa ni mchawi? Tukisema ugonjwa katoka nao kwetu, ng'ombe wa mahari wanarudi, na mabinti zetu wote waliobaki hawaolewi.”

Nakiri, sikumkatalia. Nilitazama dirishani mpaka Igunga.

Tulipofika nilimkuta bibi huyo ameketi kwenye kigoda pembeni, anabangua karanga. Macho yalikuwa mekundu kweli, ya moshi wa jikoni wa miaka sitini. Aliponiona alisogeza ungo, akanipisha kivulini, akaniuliza, “Mjukuu wangu Kalunde anakula sasa? Mwambieni nimemwekea karanga.”

Kwetu sisi mnajua anachofanyiwa kikongwe aliyetajwa kwenye kikao cha namna hiyo. Huendewa usiku na mapanga; zaidi ya hapo sihitaji kuandika.

Maganga alisimama, akakohoa, akaanza kwa mafumbo kwamba msiba huu una mkono wa mtu. Nikamshika koti, nikamkalisha.

Nilisema: “Hakuna aliyerogwa hapa. Mwanangu ana ugonjwa wa moyo tangu utotoni. Alitaka kupimwa, nami nilichoma barua yake ili ninyi msijue. Mnayemtafuta ni mimi. Chukueni ng'ombe wenu, lakini jina la bibi huyu lisitajwe tena.”

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika zote. Niliitwa tapeli, mnafiki, mzee asiye na aibu. Nilikaa nikayapokea, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kelele zilipopungua, Masanja aliniuliza, “Dawa zake anakunywa saa ngapi?”

Ng'ombe walirudi Choma. Maganga hanisalimii mpaka leo. Masanja hakumwacha mkewe. Kalunde anakunywa dawa kila siku, anachomwa sindano kila baada ya wiki nne, na anasubiri zamu ya kupasuliwa. Hanichukii, lakini sasa barua zake za hospitali anazitunza mwenyewe, hata nikiomba kuziona ananisomea akiwa amezishika. Sawa. Nimestahili.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Lusu alikuja kwangu na binti yake. Binti akasema, “Shikamoo, babu. Nimesikia unajua dawa ya moyo.”

“Marahaba. Sijui dawa hata moja. Najua njia ya kwenda hospitali.”

Mama yake akaninong'oneza kuwa wana wageni wa posa Jumamosi, labda wasubiri kwanza wapite. Nikamwambia wageni watakunywa chai, watawasubiri ninyi. Tukaondoka asubuhi ileile.

Akina baba wenzangu, ugonjwa hauondoki kwa kufichwa kwa mpelelezi wa posa. Msimwoze mtoto kwa udanganyifu mkidhani mnamtafutia heri. Na ninyi mabinti, pumzi ikikatika, moyo ukikimbia bila kukimbizwa, msikubali kuambiwa ni uvivu au ni damu na mtu ambaye hajawapima. Ulizeni mara ya nne, na ya tano. Kama aliyesimama mlangoni kuwazuia ni baba yenu mzazi, mpiteni. Mimi ni baba, nami nasema: mpiteni.