Anayejibu Haraka

Jibu lilikuja kabla swali halijaisha.

Tabibu wa usemi alidhani macho yamemdanganya. Mgonjwa alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Kiharusi kilimfunga ulimi na viungo vyote, kikamwachia kope tu. Kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mguu wake ulikuwa unaoza. Usipokatwa, hafiki Ijumaa. Ukikatwa bila ridhaa yake, ni dhuluma. Kabla ya saa sita mchana mpasuaji alitaka kujua kama mama huyu anaelewa na anaweza kujiamulia.

"Mwalimu, unataka tuuka..."

Mara mbili. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Hata nyumbani hilo jini linamwahi hivyo hivyo," binti yake alinong'ona. "Dada, huyo siye mama. Mama hajawahi kujibu kitu bila kukifikiria. Ukimuuliza habari ya chai, mpaka ajibu imeshapoa."

"Mambo ya majini tuyaache nje, mdogo wangu," tabibu alisema.

Akauliza tena, akapata hapana ile ile ya haraka, ila safari hii hakuiandika. Alisubiri, sekunde ishirini, thelathini, kitanda kikakwaruza sakafu bila kuguswa na mtu, kucha zikaparura chini ya godoro, ile harufu ikamjaa kooni hadi akatokwa machozi, naye akazidi kusubiri kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kumfikia mtu aliyezikwa hai ndani ya mwili wake mwenyewe, mpaka polepole, kama anayeshusha mlango wa chuma, yule mama akafumba macho mara moja.

Ndiyo.

Akaligeuza swali. "Tuuache mguu?"

Upesi: ndiyo. Baada ya dakika nzima, kwa taabu: hapana, na chozi.

Tabibu aliandika kwamba mgonjwa anaelewa na amekubali, akatia saini. Mguu ukakatwa.

Siku ya tatu chumba kilinuka dawa tu, wala hakukuwa na jibu la haraka hata moja.

"Limeondoka, dada," binti alisema, akifuta machozi.

Tabibu hakutulia. Alishika ubao wa herufi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akingoja kope zifumbe.

"Mwalimu, bado lipo?"

Ilichukua karibu robo saa. Binti ndiye aliyesoma herufi zilizokusanyika kwenye karatasi, sauti ikimfifia:

"Nimejifunza kusubiri."