Mama Si Gunia

Mimi ni mchukuzi wa mizigo sokoni. Gunia la kilo mia nalipandisha begani huku napiga soga. Basi mama yangu alipopata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, sikuwa na wasiwasi. Nani wa kumbeba kama si mimi?

Kila asubuhi nilipitia wodini kabla ya kazi. Nilimshika kwapani, nikamvuta juu, nikamweka kwenye kiti. Akikunja uso, nilidhani ni ugonjwa tu. Daktari alisema mama atarudi nyumbani akiweza kusimama kwa msaada wa mtu mmoja. Wiki mbili zikapita, bado. Mimi mwenyewe kiuno kikawa kinaniuma, nikajikaza.

Siku moja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mwembamba, alinikuta nikimvuta mama hivyo. Alinizuia kwa upole, akamuuliza mama panapouma. Mama alinitazama kwanza mimi.

"Bega," akasema polepole. "Kila akinivuta. Nilinyamaza nisimvunje moyo."

Niliona aibu, nikamwambia yule dada nimezoea kubeba magunia. Nguvu zangu zote, kumbe namuumiza aliyenizaa.

"Kaka, gunia halina miguu," yule dada akaniambia. "Mama anayo. Ukimbeba kila siku, miguu itasahau kazi yake. Na mkono uliolegea usiuvute kabisa, bega linaweza kuteguka."

Akanifundisha. Tulifunga breki za kitanda, tukamvisha mama viatu visivyoteleza. Mama akasogea ukingoni, nyayo zote mbili sakafuni, zimerudi nyuma kidogo. Dada akamfunga mkanda mpana kiunoni. Mimi nikasimama upande ule dhaifu, nimekunja magoti, mgongo umenyooka, nimeshika mkanda. Mama ainame mbele mpaka pua ipite magoti, tuhesabu pamoja hadi tatu, kisha ainuke mwenyewe. Kazi yangu ni kumsindikiza. Akisikia kizunguzungu, tumkalishe.

Mara ya kwanza aliinuka nusu, akakaa. Mikono iliniwasha nimnyanyue yaishe.

"Haraka ya sokoni iache sokoni," mama akanitania.

Tulirudia kila siku. Siku ya tisa tulihesabu, mama akainama, akainuka. Nilisubiri uzito uje mkononi mwangu. Haukuja. Alikuwa amesimama juu ya miguu yake mwenyewe, anatetemeka kidogo.

"Haya, mchukuzi," akasema. "Gunia lako limesimama."

Nilicheka, machozi yakanitoka mbele ya wodi nzima. Wiki ile ile tukaruhusiwa. Nilimwendea yule dada kumshukuru. Aliniambia shukrani yake ni nikamfundishe mke wangu vilevile.

Nimemfundisha. Bega la mama limetulia, na kiuno changu pia. Namshukuru Mungu, na yule dada simsahau. Asubuhi mama huniita nimfunge mkanda. Tunatembea taratibu hadi mlangoni, kisha ananifukuza niende kazini.