Mwanamume wa Kunong'ona

Prasobh alimkanyaga Jisna pindo la sari nje ya duka la halua mjini Kozhikode, watu wamebanana kwa manunuzi ya sikukuu ya Onam. Sari yenyewe mpya, ya njano. Na badala ya kuona haya, bwana huyu akamwaga sauti yake ya utangazaji wa redio.

"Samahani, karale."

"Nani ini lako?"

"Moyo tumewaachia watu wa sinema. Wazee wetu waliamini ini ndilo nyumba ya mapenzi, ndilo linaloungua mtu akipenda. Ndiyo maana Mmalayali aliyezidiwa humwita mpenzi wake karale, ini langu."

"Mimi niko maabara, napima maini ya walevi kutwa. Sijaona mapenzi humo."

Lakini alicheka, na kucheka ndiko kulikomponza. Zikaanza simu. Karale umekula? Karale umelala? Sauti ya chini daima, kama mtu anayeuza bidhaa za magendo.

Kisha Jisna akasikia kwamba Prasobh amepelekwa na mama yake mjini Thrissur kutazama mchumba. Binti kaleta chai kwenye sinia, kama ilivyo desturi ya posa, naye kaipokea na kuinywa. Habari hiyo ilimkata maini.

"Nilikunywa chai tu, Jisna! Mama alinishurutisha."

"Jibaba lenye ndevu, linanyweshwa chai!"

"Nisamehe. Nitakuja kwa baba yako."

"Njoo Jumapili. Na chai utaleta wewe."

Alimsamehe kwa sababu alimpenda, basi.

Jumapili Prasobh alikuja na saruni nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, akabeba sinia mbele ya baba na mashangazi, vikombe vikigongana.

"Hebu geuka," shangazi mmoja alisema. "Kupika unajua? Hayo meno ni yako yote?"

Jisna alitamani kumkumbatia Prasobh. Simu ikalia. Prasobh akatua sinia, akatoka kuipokea barazani. Dirisha lilikuwa wazi.

"Niko kazini, Mama. Msichana gani? Hakuna msichana yeyote."

Aliporudi akitabasamu, alimkuta Jisna amesimama, anamalizia chai ya Prasobh.

"Hiyo si yangu, karale?" alinong'ona.

"Sema kwa sauti. Baba asikie."

Prasobh alimtazama mzee, akawatazama mashangazi, kisha vidole vyake vya miguu. 

Jisna aliumia hata machozi yakagoma. Akamfungulia mlango.

"Viatu vyako viko nje. Mwambie mama yako umetoka kazini."