Sauti ya Nane

Kinyozi aliacha kupiga, lakini gitaa halikunyamaza.

Jua lilikuwa bado linachoma bati, na chumba cha nyuma kilinuka poda na spiriti ya kusafishia mashine za kunyolea. Alikuwa akifanya mazoezi ya skeli, zile sauti nane ambazo mpiga jazi huzipanda na kuzishuka mpaka vidole vizijue bila kuulizwa. Alikomea ya saba. Ya nane ilitaka kidole kidogo, na kidole hicho alikuwa amekikata kwa wembe. Kila kilipogusa waya, kidonda kilifunguka. Akalilaza gitaa kitandani, sauti ya saba ikining'inia. Ndipo ya nane ikatoka ukutani, laini, safi.

"Masikio yangu yana njaa," akajisemea.

"Unaongea na nani huko?" mkewe aliuliza kutoka jikoni. "Na hizo sauti zako, mwenzangu! Panda, shuka, panda, shuka, kama mtu aliyesahau funguo ghorofani."

"Jumamosi bendi ikija kunichukua nikapige nayo, utaniita bwana mkubwa."

"Nitakuita. Kwanza niletee maji, bwana mkubwa."

Kesho yake alikomea ya saba makusudi. Ya nane ikaja, tamu kuliko alivyoweza kuipiga yeye. Hakuogopa, alishikwa na tamaa. Akawa anaiacha kila siku, na kila siku ilimjibu kwa karibu zaidi: nyuma ya kabati, chini ya kitanda, begani kwake, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua. Halafu siku moja ilimjibu kwa kinywa cha mkewe, aliyekuwa akikata vitunguu.

"Umeimba?" akamuuliza.

"Mimi? Nimenyamaza tangu asubuhi."

Kinyozi alikwenda mbio kwa mzee aliyemfundisha gitaa, ambaye wanamuziki wote walimwita Mzee Nyuzi. Mzee alisikiliza, kisha akafunga dirisha.

"Sema polepole," alinong'ona. "Nilikufundisha nini? Hata nyumba ikiungua, maliza skeli ndipo ukimbie. Ukiiacha wazi, unamkaribisha asiyealikwa."

"Kidole kiliuma, mwalimu."

"Kiache kiume! Nenda ukaimalize kwa kidole hicho hicho. Na uombe awe bado hajaizoea nyumba yako."

Akarudi, akaketi, akaanza kupanda, na kadiri alivyopanda harufu ile ya nywele zilizoungua ilizidi, pazia likavutwa ndani ilhali nje hapakuwa na upepo, kitu kikaegemea mgongo wake kwa uzito wa mtu aliyechoka, naye akapita ya tano, akapita ya sita, akapita ya saba, akakandamiza kidole kidogo juu ya waya mpaka damu ikateremka kwenye shingo ya gitaa, na ya nane ikalia, mbovu, ya kukwaruza, lakini yake mwenyewe.

Kimya. Mgongo ukawa mwepesi. Chumba kikanuka poda tu.

Mkewe akachungulia mlangoni, beseni la nguo kiunoni. "Haya, leo umemaliza! Mungu mkubwa." Akacheka, na kicheko hakikufika mwisho. Beseni likaanguka. Kinywa chake kikafunguka, akaanza kuimba kwa sauti ile laini, safi: ya kwanza, ya pili, akipanda bila haraka mpaka ya saba. Hapo akakoma. Kifua chake hakikuinuka. Macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi, vidole vikakuna fremu ya mlango.

Kinyozi akapiga ya nane.

Mkewe akavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka majini. "Mume wangu," akanong'ona, "ni nani aliye—"

Akaanza tena, ya kwanza.

Jumamosi gari la bendi lilisimama nje na kupiga honi. Wenzake walisikia gitaa ndani, sauti moja, kisha mwanamke akiimba kwa kupanda polepole, kisha gitaa tena, sauti ile ile moja.

"Kinyozi! Toka, tunachelewa!"

"Nendeni," akajibu. "Nendeni tu, ndugu zangu. Msiniongeleshe, nitakosea."