Upanga Uliobakia Peke Yake

Mwe banangu, Mukarukundo hakuwa mutu wa kuogopa. Ila mutoto wake Chantal alikuwa anaoza muguu, na badokteri ba Mbarara balisema bila mali ya operasyo bataukata. Njo maana, jua ikiinama, alitoka kambi ya Nakivale, akafika Biharwe na upanga wa nkambo, babu wa bwana yake, upanga wa ofisie wa jeshi wa wakati wa Babeleji, ameukunja ndani ya kitenge.

Mununuzi wa vitu vya zamani, Mutware, akamuingiza chumba ya nyuma. Chai yake ilikuwa baridi, haijaguswa. Na harufu... kama kisu iliyotoka kuchinja kuku.

Hakuangalia upanga na macho.

Aliulamba.

Mukarukundo akasema mu roho, uyu hakuzaliwa na mwanamuke.

Mutware akaeleza kwamba bei haitoke mu uzuri, inatoka mu uchache. Panga za hivi zilibakia mbili tu. Ingine ikipotea, bei ya hii inaponesha miguu kumi. Kisha, pole pole:

"Mama Chantal, ingine iko kwa nani?"

Jina ya mutoto hakuwa amemuambia.

Kwetu, jua ikizama, mugeni haambiwe fasi ndugu yako analala. Lakini shida ya mutoto inafungua kinywa. Akasema: ni kweli, nkambo aliacha mbili, ingine iko kwa shemeji Natanaeli, kule Rugaaga.

Mutware akaingia nyuma ya pazia.



Simu ya Mukarukundo ikalia. Natanaeli, ananongona.

"Shemeji, kuko mutu ku mulango. Anaomba upanga. Ananuka damu."

Rugaaga ile ya mbali. Na viatu vya Mutware bado vinaonekana chini ya pazia.

Mukarukundo akacheka. Kile kicheko chake cha soko, kinachoamusha batu bamekufa.

"Baba Mutware, nilikudanganya. Mbili gani? Ziko mingi. Nakivale kila nyumba iko nayo, tunakatia mihogo."

Pazia ikatulia. Mu simu, Natanaeli akasema mutu amegeuka, ameenda.

Mutware akatoka amekonda, kama hajakula mwezi muzima. Akamurudishia upanga. Sasa bei ilikuwa ya jembe nzee.

Chantal bakamukata muguu.

Na pale Base Camp ya Nakivale, kila magaribi, kuko mugeni anapita nyumba kwa nyumba, anauliza kwa heshima: mama, upanga wenu uko? Ukisema hauna, anarudia kesho.

Kwa Mukarukundo tu hajagonga.

Batu banasema anamaliza kwanza kuhesabu zingine, mpaka wake ubakie peke yake.