Maji Yaliyokosa Njia

Kila asubuhi sauti ya randa ilisikika mtaani. Majirani waliijua. Baba Pacha ameanza kazi.

Baba Pacha alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, milango na makabati. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, imeelekea barabara. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amejenga kibaraza cha saruji mbele ya karakana, ili apange vitanda vyake wapita njia wavione. Alikipenda kibaraza kile kama mtoto wa tatu.

Mke wake, Mama Pacha, alishona sare za shule katika chumba cha pembeni. Binti zao pacha walikuwa darasa la nne. Na katika chumba chenye dirisha la barabarani aliishi bibi yao, mama mzazi wa Baba Pacha. Bibi alikuwa na kisukari. Alikuwa na kidonda mguuni, na kidonda chenyewe kilikuwa kigumu kupona. Mara tatu kwa wiki ilimbidi aende zahanati kuoshwa na kufungwa bendeji mpya.

Zahanati haikuwa mbali. Tatizo lilikuwa barabara.

Mvua zilipoanza, barabara ya mtaa ule iligeuka bwawa. Hukujua shimo liko wapi mpaka umetumbukia. Dereva wa teksi aliyekuwa akimchukua bibi alisimama kwenye kona, akapiga honi, akakataa kuingia.

"Shemeji, humo siingii," alimwambia Mama Pacha. "Juzi nimevunja springi. Hii ni teksi, si mtumbwi."

Basi Baba Pacha akawa anampandisha mama yake kwenye mkokoteni wa mbao na kumsukuma mpaka kwenye kona.

"Niliolewa kwa gari," bibi alisema siku ya kwanza, "leo nasafirishwa kama gunia la mkaa." Pacha walicheka. Bibi naye alicheka.

Siku ya pili hakuna aliyecheka. Gurudumu moja la mkokoteni liliingia shimoni, mkokoteni ukalala ubavu, bibi akaanguka kwenye maji machafu. Bendeji yote ililowa.

Kule zahanati muuguzi aliifungua bendeji. Alikitazama kidonda, akakiosha mara mbili.

"Uchafu umeingia," alisema. "Kidonda hiki kikioza, tutaanza kuzungumza habari ya kukata mguu. Sitaki tufike huko. Msimlete tena kwa njia ile."

"Tumlete kwa njia gani, dada?" aliuliza Baba Pacha.

"Mimi natibu vidonda. Barabara ina daktari wake."

Jioni ile Baba Pacha hakula vizuri. Alizunguka chumbani kama mtu aliyepoteza kitu.

"Halmashauri imelala!" alisema. "Mwaka mzima barabara ni mbovu. Mimi mwenyewe nimejaza kifusi mara tatu. Nimetia matofali mabovu, nimetia vipande vya mbao. Mvua ikija, vyote vinaondoka na shimo linazidi."

Mama Pacha alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Umewahi kwenda kuwaambia?"

"Niwaambie nini? Kwani hawana macho?"

"Mteja wako akitaka kabati, hukaa kwake akanuna mpaka umpelekee? Si huja hapa, akasema anataka kabati la namna gani?"

Bibi alikohoa kuficha kicheko. "Hapo umeshikwa, mwanangu."

"Haya, nenda wewe basi," Baba Pacha alijibu. "Wakikusikiliza, nitakula msumeno."

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alikwenda ofisi ya halmashauri ya mji. Alielekezwa idara ya ujenzi. Nyuma ya meza ndefu alikaa karani mwenye daftari kubwa. Mama Pacha alijiandaa kugombana, lakini karani alimpa kiti.

"Mtaa gani, mama? Sehemu gani ya barabara? Maji hutuama wapi? Kuna aliyeumia?"

Mama Pacha alijibu moja baada ya jingine. Karani aliandika yote, kisha akampa kikaratasi.

"Hii ni namba ya taarifa yako. Mkaguzi atafika ndani ya siku saba. Asipofika, rudi na namba hii uulize. Usione haya. Taarifa isiyo na namba ni maneno tu, hupotea. Yenye namba lazima ijibiwe."

Siku ya nne, mwanamke mmoja aliyevaa buti za mpira alisimama mbele ya karakana. Alikuwa na daftari, na futi ya kupimia ilining'inia kiunoni. Alikuwa msimamizi wa barabara wa halmashauri. Watu wa mji walimwita Mama Mitaro, kwa sababu ukimuuliza habari ya barabara, yeye hukujibu habari ya mitaro.

"Hodi hapa! Mwenye taarifa ya barabara ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mama Pacha. Baba Pacha aliweka randa chini na kutoka nje. Majirani nao walisogea.

"Umefika wakati mzuri," Baba Pacha alisema kwa sauti ya kusikika. "Barabara yenu imekwisha. Leteni lami!"

"Lami tutaizungumza, baba. Kwanza naomba ndoo ya maji."

Walimletea. Mama Mitaro alipanda upande wa juu wa barabara, mita thelathini hivi, akaimwaga ndoo taratibu pembezoni. Maji yaliteremka kwenye mtaro. Yalipita nyumba ya fundi viatu. Yalipita duka la sabuni. Yalifika kwenye kibaraza cha Baba Pacha, yakasimama. Kisha yakageuka na kuingia katikati ya barabara, moja kwa moja hadi kwenye shimo kubwa.

Fundi viatu alitazama juu, kana kwamba anahesabu mawingu.

"Adui wa barabara si gari," alisema Mama Mitaro. "Adui ni maji. Maji yakikosa njia yake, huchukua njia yako. Hulainisha udongo, gari likapita, udongo ukabonyea. Hapo una shimo. Ukitia kifusi juu ya tope, mvua inayofuata inakichukua. Hata tukileta lami leo, kama maji hayana pa kwenda, mwakani mtakuwa na mashimo ya lami."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu barabara?" Baba Pacha aliuliza. Masikio yake yalikuwa ya moto.

"Si wewe peke yako. Sisi tulipaswa kukagua mtaa huu mwaka jana, hatukukagua. Hilo ni kosa letu, na nitaliandika. Lakini kibaraza hiki kimekaa juu ya mtaro. Mtaro ni sehemu ya barabara, ni mali ya watu wote. Ukitaka kuujengea chochote, unaomba kibali kwanza. Tungekuonyesha namna ya kuweka kifuniko cha zege kinachoinuliwa, maji yapite chini, na mtaro usafishwe."

"Mke wangu amepeleka malalamiko, mimi nimekuwa mshtakiwa!"

Bibi alikuwa dirishani. "Nyani haoni kundule," alisema polepole, lakini wote walimsikia.

Baba Pacha aliutazama mguu wa mama yake uliofungwa, umewekwa juu ya kigoda. Alikitazama kibaraza. Kisha akaingia karakana, akatoka na nyundo kubwa.

"Sio leo leo, baba," alisema Mama Mitaro. "Sheria inakupa siku kumi na nne."

"Mama yangu hana siku kumi na nne," alisema Baba Pacha, akapiga pigo la kwanza.

Kazi ile ilimchukua siku mbili. Chini ya saruji alikuta mtaro umejaa tope, mifuko ya plastiki na maranda ya mbao. Maranda yalikuwa yake mwenyewe. Aliyatoa kwa koleo. Siku ya pili fundi viatu alikuja na koleo lake. Mwenye duka la sabuni akaja na jembe. Kila nyumba ilisafisha mbele yake, na kufikia jioni mtaro ulionekana kutoka mwanzo wa mtaa hadi kwenye kona.

Wiki iliyofuata halmashauri ilileta greda na kikosi cha mafundi. Walichimba mashimo mpaka kwenye udongo mkavu, wakajaza changarawe, wakashindilia. Waliinua barabara katikati ikawa na mgongo, ili maji yateremke pande zote mbili. Teksi iliingia mtaani, ikamchukua bibi mlangoni.

Lakini mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, maji yalijaa tena kwenye kona. Siku ile bibi hakwenda zahanati. Mama Mitaro alikuja akiwa na mwavuli, akawaonyesha kalvati la zamani, yaani bomba linalopitisha maji chini ya barabara.

"Bomba hili ni jembamba, halafu limepasuka. Hapa greda haisaidii kitu."

"Basi libadilisheni," alisema Mama Pacha.

"Sina uwezo huo. Kazi zetu ni za aina mbili. Kuziba shimo, kuzibua mtaro, kusawazisha barabara, hayo ni matengenezo ya kila siku. Mimi naweza kuyaamuru. Kujenga kalvati jipya ni mradi. Mradi lazima uingie kwenye mpango wa mwaka, na mpango huanzia kwenye mkutano wa kata. Mkutano ni Jumamosi ijayo. Wasiokwenda huamuliwa na waliokwenda."

Jumamosi ile watu walijaa katika ukumbi wa shule. Diwani aliongoza. Baadhi walitaka taa za sokoni. Wengine walitaka choo cha stendi. Mama Pacha hakuwa amewahi kusimama mbele ya watu wengi. Siku hiyo alisimama.

"Mimi ni fundi cherehani," alianza. "Taa ni kitu kizuri, na choo ni kitu kizuri. Lakini kona yetu ndiyo njia ya zahanati. Wiki iliyopita nilikwenda kumuuliza muuguzi. Siku ya mvua kubwa, watu kumi na tisa waliokuwa na miadi hawakufika. Wanne kati yao ni wajawazito. Hao si wa mtaa wangu tu. Wengine wako humu ndani, wananitazama."

Mwanamke mmoja mjamzito, mstari wa nyuma, aliinua mkono. "Mimi ni mmoja wao," alisema.

Diwani aliitisha kura. Kalvati lilishika nafasi ya kwanza, choo cha stendi kikawa cha pili. Diwani alilipeleka jambo lile kwenye kikao cha halmashauri, likapita. Tangazo la kazi lilibandikwa wazi, wakandarasi wakaomba, mmoja akachaguliwa.

Kazi ilianza wakati wa kiangazi. Kwanza kilisimamishwa kibao kwenye kona. Kiliandikwa jina la mradi, jina la mkandarasi, siku ya kumaliza, na vipimo vya kazi. Wengi walikipita bila kukitazama. Baba Pacha alikisoma neno kwa neno. Kiliandikwa mabomba yawe na upana wa sentimita tisini.

Siku lori lilipoleta mabomba, Baba Pacha alitoka karakana na futi yake. Alipima la kwanza. Alipima la pili. Akarudi akasoma kibao tena.

"Fundi," alimwambia msimamizi wa mkandarasi, "haya ni ya sitini."

"Wewe ni mhandisi?"

"Mimi ni seremala. Sitini kwa seremala na sitini kwa mhandisi ni sitini ile ile."

"Rudi kwenye vitanda vyako, mzee. Mchanga ukishafunika, nani ataona?"

Baba Pacha hakubishana. Alikwenda hadi ofisi ya halmashauri, akaandikisha taarifa, akapewa namba. Mchana ule ule Mama Mitaro alifika na mhandisi wa mji. Walipima mabomba. Mhandisi alisimamisha kazi pale pale. Lori liliondoka na mabomba yale yale liliyoyaleta, na lile la pili, lililokuja baada ya siku tano, lilibeba mabomba ya tisini.

Mama Mitaro aliyapima yote, kisha akampa Baba Pacha mkono. "Nimesimamia barabara miaka kumi na moja," alisema. "Ni mara ya kwanza mwananchi kunisomea kibao changu mwenyewe."

"Mke wangu ndiye aliyeanza," alisema Baba Pacha. "Na bado nina deni la kula msumeno."

Mama Pacha, aliyekuwa nyuma yao, alisema, "Utakula, lakini kwanza malizia kabati la watu."

Kalvati lilimalizika wiki moja kabla ya mvua. Wakazi wa mtaa waliunda kamati ndogo. Kila mwisho wa mwezi walisafisha mitaro, na Baba Pacha aliweka pipa la maranda ndani ya karakana. Wafugaji wa kuku waliyachukua wenyewe. Vitanda vyake alivipanga juu ya vifuniko vya zege vinavyoinuliwa, alivyoviombea kibali.

Kisha mvua ilinyesha. Ilianza Jumapili usiku na haikukata. Asubuhi ya Jumatatu Mama Pacha alifungua mlango. Mtaroni maji yalikuwa yanakimbia kwa kelele, yamebeba majani, yanateremka kwenye kona, yanaingia kwenye kalvati na kutokea upande wa pili. Katikati ya barabara palilowa tu. Teksi ilikuwa imesimama mbele ya mlango, imewasha taa. Bibi alikuwa ameshajifunga shuka, anawaambia pacha wamletee fimbo, wasimcheleweshe.

Kule zahanati muuguzi alifungua bendeji. Kidonda kilikuwa kimebaki na ukubwa wa kucha ya kidole gumba, chekundu na kisafi.

"Hiki kinafunga," alisema. "Miadi tu usikose."

Wiki ile bibi alikwenda zahanati mara tatu. Mara zote tatu mvua ilikuwa inanyesha.